Kuongeza chaneli za VHF Lubumbashi bila kuwaziba masikio majirani

Mnara wa mita 45 hapa Lubumbashi unaweza kubeba ripita (mtambo unaopokea mawimbi ya VHF ya redio za mkononi na kuyarusha tena kwa nguvu) ya kampuni ya ulinzi, ya hospitali, ya wenye malori, na juu yake redio mbili za FM, zote zikitumia jenereta moja na waya mmoja wa ardhi. Anapokuja mteja mpya, anauliza: masafa gani yako wazi? Fundi anawasha redio yake ya mkononi, anasikia kimya, anamjibu. Wiki mbili baadaye hospitali inalalamika kwamba sentineli wanasikika kwenye chaneli ya ambulensi, na hakuna anayeelewa kwa nini, maana namba hazifanani hata kidogo.

Masafa huwa wazi baada ya kufanyiwa hesabu pamoja na kila mtambo uliopo mnarani. Kimya peke yake hakithibitishi kitu. Namba za masafa zilizomo humu ni za kufanyia hesabu tu. Usiziingize kwenye redio ya mtu.

Labda huhitaji masafa mapya

Anza na mzigo. Kampuni yenye redio 60, kila moja ikiita mara tatu kwa saa kwa sekunde 10, inatumia sekunde 1,800, yaani nusu saa katika kila saa. Kwa chaneli moja ya wazi hiyo ni nyingi mno: ikizidi theluthi ya saa watu huanza kukanyagana, na kila anayekanyagwa anarudia, basi mzigo unaongezeka wenyewe. Lakini hizo sekunde 10 zikikatwa ziwe 5 kwa kuwafundisha sentineli kuita kwa ufupi, umepata chaneli ya pili bila kugusa mnara. Mafundi wengi hawapendi suluhisho hili kwa sababu halina cha kuuza.

Njia ya pili ni DMR, mfumo wa redio za kidijitali. Chaneli moja ya 12.5 kHz inagawanywa katika zamu mbili za milisekunde 30 kila moja, na makundi mawili yanazungumza kwa wakati mmoja kwenye jozi ileile ya masafa. Antena ni moja, dupleksa (kichujio kinachowezesha antena moja kurusha na kupokea kwa pamoja) ni moja, na majirani hawaoni transmita (mtambo wa kurusha) mpya. Kuna bei yake: redio zote za zamani za analogia zinabaki nje, na transmita ikiungua makundi yote mawili yananyamaza pamoja. Halafu aina ya mawimbi imebadilika. Kwenye kibali iliandikwa kwa alama 11K0F3E (sauti ya analogia), sasa ni 7K60FXE (ya DMR), na mabadiliko hayo lazima yaandikwe hata kama masafa ni yaleyale.

Wenye mitambo ya zamani ya 25 kHz wanaweza kushuka hadi 12.5 kHz. Kuyumba kwa masafa kunakoletwa na sauti kunatoka ±5 kHz kuwa ±2.5 kHz, na redio zote lazima zipangwe upya siku moja. Ukiziacha tano za zamani, zitasikika zikikwaruza na kumwagikia chaneli ya jirani.

Kusikiliza kunakofaa

Kosa la kwanza ni kusikiliza huku toni imewashwa. Ukiwa na CTCSS (toni isiyosikika inayofungua spika) kwenye redio yako, utasikia wenye toni yako tu, na chaneli iliyojaa itaonekana tupu. Zima toni, fungua skwelchi (kizuia kelele) kabisa, acha ikorome.

Kosa la pili ni kusikiliza chini. Redio iliyo mkononi pale Kamalondo haisikii asikiacho mtu wa mita 45 angani. Umbali wa upeo wa redio, kwa kilomita, ni 4.12 mara jumla ya mizizi ya urefu wa antena mbili kwa mita. Mnara wa mita 45 na redio iliyoshikwa mita 1.5 kutoka ardhini: kilomita kama 33. Mnara kwa mnara, zote mita 45: kilomita 55. Lubumbashi iko kwenye uwanda, hakuna mlima wa kukukinga, na Kipushi iliyo mpakani kabisa mwa Zambia iko kilomita kama 30 tu. Kwa hiyo ripita yako itawasikia watu wa ng'ambo ambao wewe barabarani hutawasikia kamwe. Sikiliza ukitumia antena ileile, kwa urefu uleule, itakayotumika baadaye.

Kosa la tatu ni kusikiliza upande mmoja. Ripita ina masafa mawili: inayorusha na inayopokea. Wengi wanakagua inayorusha. Inayopokea ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu hapo ndipo redio dhaifu ya wati 5 kutoka Ruashi inapigania nafasi na kila kelele ya mjini.

Kifaa si lazima kiwe cha ghali. Kijiti cha SDR cha USB (redio inayoendeshwa kwa programu ya kompyuta) kinatosha kwa uchunguzi wa awali, ila karibu na transmita ya FM ya kilowati moja kinalemewa na kukuonyesha mawimbi ya uongo. Weka kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz mbele yake. Ukiona kitu cha ajabu, punguza ukuzaji wa mawimbi wa kijiti kwa 10 dB (desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu): mawimbi ya kweli yatashuka kwa 10, ya uongo yatatoweka au yatashuka zaidi ya hapo.

Wiki moja ni kiwango cha chini, ikijumuisha usiku. Zamu za ulinzi zinabadilishana asubuhi na jioni, na ukaguzi wa usiku wa sentineli ndio unaoonyesha watu ambao mchana hawasemi. Andika masafa, saa, toni, nguvu kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo yalivyo dhaifu), na jina la mwito kama linasikika.

Hesabu ya mnara

Hapa ndipo kazi ilipo. Transmita mbili zikikutana mahali pasipo safi, iwe ndani ya kikuza nguvu cha mmoja wao, kwenye bolti yenye kutu, au ndani ya risiva (mtambo wa kupokea) iliyolemewa, zinazaa masafa mengine, yaani mazao. Mabaya zaidi ni ya daraja la tatu: mara mbili ya moja ukitoa nyingine, au jumla ya mbili ukitoa ya tatu.

Chukua mnara wenye A, inayorusha 150.400 na kupokea 155.000, na B, inayorusha 151.200 na kupokea 155.800. Pengo kati ya kurusha na kupokea ni 4.6 MHz kwa zote. Mteja mpya anapewa 153.100 ya kurusha, kwa sababu ilikuwa kimya. Fanya hesabu: mara mbili ya 153.100 ni 306.200, toa 151.200, unabaki na 155.000. Ndiyo masikio ya A. Kila mteja mpya na B wakizungumza kwa wakati mmoja, A inaziba. Mmoja wao akinyamaza, tatizo linakwisha. Ndiyo maana ugonjwa huu hauonekani fundi anapokuja kupima saa sita mchana, na watu wanabadilisha betri, kebo na hata ripita nzima bila kupona.

Kuna kanuni inayokuepusha na hesabu nyingi. Pima upana wa kundi: transmita ya juu kabisa mnarani ukitoa ya chini kabisa. Ukiuzidisha kwa mbili na jibu likabaki chini ya pengo, hakuna zao la daraja la tatu la kundi hilo litakalofika kwenye risiva yoyote ya kundi. Ukiuzidisha kwa tatu na bado likabaki chini, hata daraja la tano haliwafikii. Kwa pengo la 4.6 MHz, upana wa 2.3 MHz ndio mpaka wa kwanza, na 1.5 MHz ndio mpaka wa usalama. A na B wana upana wa 0.8. Yule wa 153.100 aliufanya kuwa 2.7.

Kanuni hiyo inashika kwa sharti moja: wote mnarani warushe chini na wapokee juu, au wote kinyume chake. Mtu mmoja aliyegeuza jozi yake anabomoa mpango wote, kwa sababu transmita yake imekaa katikati ya risiva za wenzake. Mimi ningemkatalia hata kama ana kibali, mpaka arudi amegeuza.

Sasa weka mteja mpya, tumwite E, ndani ya kundi. Kishawishi ni kuiweka katikati, 150.800. Usifanye hivyo. Mara mbili ya 150.800 ukitoa 150.400 ni 151.200, yaani zao linaangukia moja kwa moja kwenye masafa ambayo redio za mkononi za B zinasikiliza, na watu walio karibu na mnara watasikia mchanganyiko. Masafa yaliyopangwa kwa umbali sawa yanaharibiana daima. Sogeza hadi 150.7625, upokezi 155.3625. Mazao sasa ni 151.125, 150.325 na 150.8375, kila moja iko 75 kHz kutoka kwa mwenye nyumba, yaani hatua sita za 12.5 kHz. Hapo pana nafuu.

Usivuke 156.000 upande wa juu. Kuanzia 156.025 hadi 157.425 MHz ni chaneli za vyombo vya majini, na 156.800 ni ya kuomba msaada. Unaweza kusema Lubumbashi haina bahari, lakini redio hizohizo zitabebwa na gari hadi Moba au Kalemie. Na 144 hadi 146 ni ya wanaredio wa ridhaa.

Jirani wa FM

Wapangaji wengi wa VHF wanaisahau FM kwa sababu iko mbali, chini ya 108 MHz. Ukweli ni kwamba FM ndiyo yenye nguvu kuliko wote mnarani. Redio mbili za FM zilizoachana kwa 4.6 MHz, tuseme 98.9 na 94.3, zitaibeba transmita yako kutoka 150.7625 na kuitua 155.3625, kwenye risiva yako mwenyewe. Na kwa kuwa kila FM inayumba ±75 kHz, zao hilo ni pana, karibu 300 kHz. Kusogea hatua moja ya 12.5 hakukuokoi. Kagua jozi zote za FM za mnara na za minara ya karibu: zilizoachana kati ya 4.4 na 4.8 MHz zitie alama nyekundu. Zikiwepo, badilisha pengo kwa wapangaji wote wa VHF, au nenda mnara mwingine.

Wenye FM nao wana jukumu lao kwa uwanja wa ndege wa Luano. Juu ya 108 MHz ndipo vilipo vifaa vya kuongozea ndege kutua. FM ya 107.4 na ya 105.3 kwenye mnara mmoja zinazaa 109.5. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya nguzo kusimama.

Vyuma

Kuna wanaodhani vifaa vizuri vinafuta haja ya hesabu. Twende na namba. Jirani anarusha wati 25, yaani +44 dBm. Antena zenu zimetenganishwa kwa 40 dB, kwa hiyo +4 dBm inaingia kwenye transmita yako. Zao linatoka likiwa chini kama 12 dB, yaani −8 dBm, linarudi hewani na kupoteza 40 nyingine: −48 dBm kwenye risiva ambayo inaweza kusikia −118. Ni balaa. Ongeza aisoleta (kifaa kinachopitisha nguvu upande mmoja tu) ya ngazi mbili yenye 50 dB: zao linafika −98. Bado linasikika vizuri sana. Ongeza kaviti, kichujio cha kupitisha masafa yako tu, inayokata 20 hadi 25 dB megahezi mbili pembeni: sasa uko −118 hadi −123. Imebidi umbali wa antena, aisoleta na kaviti vifanye kazi pamoja ili kufuta kosa la mtu aliyechagua masafa bila kalamu.

Aisoleta iwekewe kichujio cha kukata masafa ya juu baada yake, maana feraiti iliyo ndani yake inazalisha masafa maradufu. Na aisoleta ya VHF haizuii FM. Kwa 100 MHz iko kama haipo. Kwa FM tegemea kaviti.

Hiyo 40 dB ya antena inapatikanaje? Kwa kupanga wima. Kwa 150 MHz wimbi lina urefu wa mita 2. Antena mbili, moja juu ya nyingine kwa mita 4, zinatoa kama 40 dB. Ukizipanga ubavu kwa ubavu kwa mita hizohizo 4 unapata kama 24 tu, na ili ufike 40 unahitaji mita 25 hivi. Mikono ya chuma inayochomekwa pembeni mwa mnara ili "kila mteja aone mbele" ni chanzo cha kesi nyingi.

Dupleksa ya ripita iwe na 75 hadi 80 dB kati ya pande zake mbili. Hasara ya 1.5 dB inageuza wati 25 kuwa 18 pungufu kidogo. Ni kawaida, usijaribu kuirudisha kwa kuongeza nguvu. Kebo fupi za ndani ziwe RG-214 yenye nyavu mbili za shaba iliyosukwa, siyo RG-58. LMR-400 ni nzuri kwa kurusha tu au kupokea tu, ila kwenye ripita yenye dupleksa foili yake ya alumini ikisuguana na waya wa shaba inazaa mikwaruzo. Koneta ziwe za aina ya N. Na waya wa ardhi: shaba inaibiwa hapa kwetu, kila mtu anajua inakoenda, kwa hiyo zika na funika kwa zege sehemu inayoonekana. Mnara uliokatwa waya wake unaanza na kelele za viungo vilivyolegea, na radi za Desemba zinamalizia.

Chaneli ya pembeni na chaneli ya mbali

Risiva nzuri ya 12.5 kHz inakataa chaneli ya jirani kwa 60 dB. Inasikika kama nyingi mpaka sentineli asimame chini ya mnara na redio ya wati 5. Akifika kwenye ripita ya jirani kwa −40 dBm, mabaki yake ni −100, na mtu wa Katuba anayeingia kwa −112 hasikiki. Kwenye mnara mmoja acha angalau hatua tatu. Redio za bei rahisi, zile ambazo mtu yeyote anaandika masafa anayotaka kwa vidole, hazifiki 60 hiyo, na nyingi zinarusha uchafu nje ya chaneli yao.

Kurudia masafa yaleyale Likasi, kilomita kama 120 kwa barabara, kunawezekana kama minara ni mifupi. Kwa analogia ya 12.5 kHz, unayemtaka amzidi usiyemtaka kwa 12 dB: kama mtu wako wa pembeni anaingia kwa −105, yule wa Likasi asizidi −117. Pima asubuhi ya baridi ya Juni au Julai, hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, maana hapo mawimbi yanavuka upeo. Kipimo cha mchana kitakudanganya.

Kuweka toni tofauti hakuondoi mgongano. Toni ni pazia, siyo ukuta: husikii mgeni, lakini bado anamfunika mtu wako. Na usichague 100.0 Hz, kwani ni maradufu ya 50 Hz ya umeme wetu, na mvumo wa jenereta mbovu unaweza kuifungua ripita.

Karatasi na siku ya kuwasha

Maombi yanakwenda ARPTC, mdhibiti wa posta na mawasiliano wa Kongo, chini ya sheria namba 20/017 ya Novemba 25, 2020. Andika latitudo na longitudo kwa digrii, dakika na sekunde za WGS84 (mfumo wa ramani unaotumiwa na GPS), mwinuko wa ardhi (Lubumbashi ni kama mita 1,200), urefu wa antena juu ya ardhi, aina na uelekeo wake, nguvu inayotoka kwenye antena na siyo kwenye ripita, aina ya mawimbi, na masafa yote mawili. Ambatanisha jedwali la hesabu ya mnara. Kwa Kipushi na Kasumbalesa, mdhibiti ndiye anayezungumza na ZICTA, mdhibiti wa mawasiliano wa Zambia. Usijipeleke mwenyewe kwa makubaliano ya mdomo na fundi wa Chililabombwe, hata kama ni shemeji yako.

Siku ya kuwasha, majirani wote wa mnara wajulishwe na mafundi wao wawe kwenye simu. Kwanza pima unyeti wa kila risiva ya mnara kwa jenereta ya mawimbi, mpaka 12 dB SINAD (kipimo cha sauti dhidi ya kelele), na uandike. Washa E kwa wati 5. Pima tena. Panda hadi nguvu kamili, pima tena. Kisha omba A na B warushe pamoja na E, wote kwa dakika nzima, na upime mara ya mwisho. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayofichua mazao. Kushuka kwa 1 dB kunavumilika. Kwa 6 dB, kwenye uwanda kama wetu, eneo la jirani limepungua karibu nusu.

Kelele ikitokea, weka kipunguzi cha 3 dB kwenye mlango wa risiva. Ikishuka kwa 3, inatoka nje: tafuta transmita au kutu. Ikishuka kwa 9, risiva yenyewe ndiyo inayoizaa, na unachohitaji ni kaviti mbele yake, siyo ugomvi na jirani. Weka kikomo cha muda wa kurusha, sekunde 60 hadi 120, ili redio iliyokaliwa kwenye kiti cha gari isifunge chaneli usiku kucha. Bandika jedwali la masafa, toni na simu ukutani mwa kibanda. Na mvua za kwanza zikinyesha, Oktoba au Novemba, rudia kipimo cha unyeti: koneta isiyozibwa vizuri inaingiza maji wakati huo, na zao ambalo Julai halikuwepo linajitokeza.